Maswali ya Zizini: Ayala wa Uskoti, Mbuzi wa Busia na Kalenda ya Mvua

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mfugaji afanye nini ili majike washike mimba kwa wakati mmoja na wazae pamoja? Nimechagua tano. Swali la akina mama wa Busia nimelipa nafasi kubwa kuliko mengine, maana ndilo linalogusa wengi wetu.

Daktari, salaam. Mimi ni askari mstaafu, naishi hapa Bombo, Uganda. Kijana wangu yuko Uskoti, ameajiriwa kwenye shamba linalofuga ayala wa nyama. Ananiambia majike karibu wote huzaa ndani ya wiki chache tu, na wakitaka wanaweza kuwapandisha wote siku moja kwa dawa. Nina eka 40 za nyasi. Naweza kufuga ayala hapa? Na watazaa pamoja namna hiyo? — Afande mstaafu, Bombo

Afande, kijana wako amekueleza sawasawa. Ayala mwekundu, yule mwenye pembe za matawi zinazoanguka na kuota upya kila mwaka, huko Uskoti huanza kutafuta dume mwishoni mwa Septemba, na Oktoba ndiyo pilikapilika yenyewe. Mimba yake ni siku kama 233. Ukihesabu kutoka tarehe 1 Oktoba unaangukia karibu na tarehe 22 Mei, ndiyo maana ndama huanza kuonekana mwisho wa Mei na wengi huzaliwa Juni. Jike ambaye hakushika hurudi kwenye joto, yaani kuwa tayari kupandwa, baada ya siku kama 18 na kujaribu tena, mpaka majira yanapofunga.

Anayewapangia ratiba hiyo ni mwanga wa jua. Usiku unaporefuka, tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo hutoa homoni ya melatonini kwa saa nyingi zaidi, na mwili wa ayala huusoma urefu huo wa usiku. Kaskazini mwa Uskoti mchana wa Desemba haufiki saa 7, na wa Juni unapita saa 17. Mnyama hawezi kukosea hapo. Lakini angalia, Afande: si mwanga anaoufuata kwa faida yake. Anachokitafuta ni nyasi za Juni, ili mama awe na maziwa wakati ndama ana njaa kubwa. Mwanga ni kama tarumbeta ya kambini: haipiki chakula, inaita tu watu saa ya chakula ikifika.

Ushahidi uko Nyuzilandi. Waingereza walianza kupeleka ayala wekundu huko mwaka 1851. Wanyama hao walivuka ikweta, majira yakageuka chini juu, nao wakageuka pamoja nayo. Leo madume wa Nyuzilandi huunguruma mwishoni mwa Machi na Aprili, na ndama huzaliwa Novemba na Desemba. Damu ni ileile ya Uskoti, kalenda imesogea miezi 6.

Sasa njoo Bombo, ambayo haifiki hata digrii moja kutoka ikweta. Mchana wetu ni saa 12 na dakika chache, Januari hadi Desemba. Mtafiti wa Marekani, Richard Goss, aliwahi kuwaweka ayala aina ya sika chini ya taa zilizowaka kwa muda wa saa 12 na kuzimwa kwa muda wa saa 12 kila siku, mwaka mzima, yaani aliwatengenezea Uganda ndani ya banda. Wakashindwa kubadilisha pembe zao. Walikosa ishara ya kuwaambia mwaka umefika wapi. Kwa hiyo kumleta ayala mwekundu hapa ni kumnyang'anya saa yake, na mimi kama daktari wa mifugo siwezi kukushauri hivyo.

Wapo ayala wa nchi za joto. Morisi wanafuga ayala aina ya rusa, ambao Waholanzi waliwaleta kutoka Java mwaka 1639. India wana chitali wenye madoa meupe. Lakini hao wanaweza kuzaa mwezi wowote, kwa hiyo ile sifa iliyokuvutia, ya kuzaa pamoja bila kuambiwa, hutaipata kwao. Pia ayala hushikwa na ugonjwa wa miguu na midomo, ambao tunao hapa, na baadhi ya jamii zao hufa vibaya kwa homa inayobebwa na kondoo asiyeonyesha dalili yoyote. Jirani yako ana kondoo? Basi.

Na sheria ipo. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, kufuga mnyama wa porini kunahitaji haki ya matumizi ya daraja B, yaani kibali cha ufugaji wa wanyamapori, kutoka Mamlaka ya Wanyamapori pale Kamwokya, Kampala, na kuingiza mnyama hai kutoka nje kunapita Wizara ya Kilimo, Entebbe. Eka 40 za Bombo ni mali. Ziwekee mbuzi wa Mubende au ng'ombe, na ujifunze kutoka kwa ayala lile moja analotufundisha: kwanza jua nyasi zitakuwa lini, ndipo uhesabu kurudi nyuma.

Kuhusu ile dawa ya kijana wako, niliiona kwa macho yangu nilipokuwa mafunzoni Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi. Ayala huingizwa kwenye banda lenye mwanga hafifu, kwa sababu gizani hutulia na hawajigongi ukutani. Kila jike huwekwa ukeni kiplastiki chenye umbo la herufi T kinachotoa projesteroni, homoni ileile ya mimba, kidogo kidogo. Kwa siku kama 12 mwili wake unadhani una mimba na hautoi yai. Kikitolewa, wote wanaanza upya siku moja. Siku hiyo hupewa sindano ya homoni inayotokana na damu ya farasi mwenye mimba, kwa kipimo kidogo sana, maana ukizidisha utapata mapacha, na ayala mwekundu ni mnyama wa ndama mmoja. Kisha mbegu huwekwa saa kama 54 hadi 60 baada ya kukitoa. Fundi anaweza kuanza asubuhi na jioni akawa amemaliza kundi zima.

Kilichonigusa zaidi ni sababu ya kufanya hivyo. Wakulima wa kule walikuwa na tatizo: nyasi zao hukolea Oktoba, lakini ayala huzaa Novemba na Desemba, na kiangazi kinapokausha malisho mama ndiyo kwanza ananyonyesha. Kalenda iliyomfaa mnyama milimani Uskoti haikulingana vizuri na nyasi za shambani. Ndiyo maana waliamua kuiwahisha kwa wiki kadhaa kwa projesteroni, na wengine kwa vidonge vya melatonini vinavyopachikwa chini ya ngozi ya sikio ili mwili uamini usiku umeanza kurefuka. Teknolojia yote ile ilikuwa inafukuzia nyasi.

Daktari, wanafunzi wangu wamenishinda. Tumekwenda nao Hifadhi ya Queen Elizabeth tukaona madume wa kob, wale swala wa Uganda, wamesimama uwanjani, kila mmoja kwenye kipande chake, hawali. Mlinzi akasema wanasubiri majike. Wameuliza: kama hapa ikweta mwanga haubadiliki, wanyama wetu wa porini wanajuaje wakati wa kuzaa? — Mwalimu, Kasese

Mwalimu, hongera kwa kuwapeleka. Mnyama huyo yuko kwenye nembo ya taifa akitazamana na korongo, na watoto wengi humjua kwenye sarafu na makaratasi tu.

Kob wa Uganda hana msimu mmoja. Jike huingia kwenye joto mwezi wowote, kwa hiyo madume hawana Oktoba ya kusubiri. Wao hushikilia uwanja kwa zamu mwaka mzima. Kila dume hulinda duara dogo ambalo mtoto wako wa darasa la nne anaweza kulivuka kwa pumzi moja, na duara la katikati ndilo linalogombaniwa zaidi. Jike huja mwenyewe, hupita kati yao, huchagua. Semliki, magharibi mwa nchi, ndiko tabia hiyo ilikochunguzwa kwa makini tangu miaka ya 1950, na dunia nzima ya wanasayansi ilijifunza kwa kob wa huko.

Lakini waambie wanafunzi kwamba kuwa karibu na ikweta hakumaanishi lazima mnyama azae ovyo. Nyumbu wa Serengeti wako digrii 2 hivi tu kusini mwa ikweta, na wengi wao huzaa ndani ya wiki 2 au 3 kuelekea Februari, wakati nyasi fupi za uwanda zina lishe kubwa. Ndama wanakuwa wengi mno kwa wakati mmoja hata fisi na simba wanashiba kabla ya kuwamaliza. Kob amechagua njia nyingine kwa sababu malisho yake ya bondeni, karibu na maji, hayakauki yote kwa mara moja. Umeona, Mwalimu? Bado ni nyasi.

Kuna jambo moja zaidi la kuwasimulia. Mwaka 1987 mtafiti Karen McComb alichapisha kwenye jarida la Nature kwamba majike wa ayala wa kufugwa waliosikilizishwa ngurumo za dume waliingia kwenye joto mapema kuliko wasiosikia. Sauti peke yake! Dume si wa kupanda tu. Uwepo wake huamsha mwili wa jike. Wafugaji wa mbuzi wanajua hilo kwa harufu ya beberu, na hapo ndipo barua inayofuata inapoingia.

Daktari wetu, sisi ni kikundi cha akina mama hapa Busia. Tuna mbuzi majike 24 na mabeberu 2 wanaotembea nao siku zote. Watoto huzaliwa kila mwezi. Wengi hufa mvua zikizidi, na mnunuzi akija hatuna hata kumi wanaolingana. Tunataka kuuza Krismasi na Idd. Kuna kijana ametuambia kuna sindano ya kuwaleta wote kwenye joto. Tununue? — Kikundi cha akina mama, Busia

Mama zangu, msinunue bado. Dawa mnayo tayari zizini, ni hao mabeberu wawili. Tatizo ni kwamba mnawatumia kila siku, na majike wamewazoea kiasi kwamba hawasisimki tena.

Watoeni. Wapelekeni kwa mwanakikundi anayeishi mbali, mahali ambapo majike hawatawaona, hawatawasikia na upepo hautaleta harufu yao. Nasema mbali kwa dhati. Kuwafunga nyuma ya jiko hakusaidii kitu. Wakae huko mwezi mmoja au zaidi. Kwa muda huo hakikisheni beberu wa jirani naye hafiki, na Busia najua hilo ni gumu, mbuzi wanavyochungwa pamoja barabarani hadi mpakani. Fungeni majike kwa kamba au walisheni zizini. Jike mmoja akipandwa kichakani amewaharibia hesabu.

Siku mkiwarudisha, harufu ngeni ya beberu hufanya kazi ambayo mnataka kuilipia. Majike wengi wasio na mimba wataingia kwenye joto ndani ya siku 10 hivi. Wengine watakuwa na joto la kwanza lisiloonekana vizuri, kisha la pili lililo wazi siku chache baadaye. Msihangaike. Waachieni mabeberu siku 42, ambazo ni mizunguko miwili ya mbuzi ya siku kama 21, halafu watoeni tena. Mabeberu 2 kwa majike 24 wanatosha, hata wakija wengi kwa pamoja. Gaweni makundi mawili ya 12, kila beberu na lake, na aliye baba wa mitamba fulani asiwekwe nao.

Mpakeni kila beberu kifuani udongo mwekundu uliosagwa na kuchanganywa na mafuta ya kupikia. Jike aliyepandwa ataonekana na doa mgongoni, mwandikeni kwenye daftari tarehe hiyohiyo. Baada ya siku 17 badilisheni rangi, tumieni masizi. Jike mwenye doa jekundu akipata na jeusi, jueni hakushika mara ya kwanza. Mwenye jekundu peke yake, hesabuni siku 150 mkamsubiri. Asiye na doa lolote baada ya siku 42 ama alikuwa na mimba tayari, ama ana shida, ama amekonda mno. Huyo mwiteni mtu wa mifugo amwangalie.

Sasa siku ya kuanza. Hapa ndipo naomba mkae chini na kalenda, kwa sababu hili ndilo jambo lenyewe. Mmesema watoto hufa mvua zikizidi. Watoto wa mbuzi hufa kwa baridi na kifua, na kwa minyoo inayojaa nyasi mbichi. Lakini mama naye anahitaji majani mabichi kabla ya kuzaa, maana mtoto tumboni hukua zaidi katika wiki 6 za mwisho. Kwa mvua za kwenu, zinazoanza Machi na kupungua kuelekea Juni, ningetaka watoto waanze kuzaliwa mwanzoni mwa Juni: mama ameshiba mvua nzima, ana maziwa, na mtoto anakuta ardhi inakauka. Rudini nyuma siku 150 kutoka tarehe 1 Juni, mtafika tarehe 2 Januari. Hiyo ndiyo siku ya kuwarudisha mabeberu. Kuwatoa iwe mwisho wa Novemba.

Mkipenda msimu wa pili, watoto wa mwanzo wa Desemba, mabeberu waingie tarehe 4 Julai. Ila jike yuleyule asibebeshwe misimu yote miwili mfululizo. Anyonyeshe, apumzike, anenepe. Gaweni kundi, nusu Januari nusu Julai, nanyi mtakuwa na cha kuuza mara mbili kwa mwaka bila kumchosha mnyama.

Wiki 3 kabla ya beberu kurudi, ongezeni chakula. Januari ni kavu, kwa hiyo wekeni akiba: marando ya viazi yaliyokaushwa, majani ya kaliandra, maganda ya matoke, pumba za mahindi kiasi cha kiganja kila jioni. Jike anayepata chakula kinachopanda wakati huo hutoa mayai zaidi na hupata mapacha kwa urahisi. Jike aliyekonda hata ukimletea mabeberu kumi hataitika, na hata sindano haitamwamsha vizuri. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeona vikundi vikichanga pesa za dawa huku mbavu za mbuzi zinahesabika kutoka barabarani.

Kuhusu soko. Watoto wa Juni watakuwa na miezi 6 hivi ifikapo Krismasi, wa umri mmoja na ukubwa unaokaribiana, na hicho ndicho mnunuzi anatafuta. Idd ya kuchinja ni hesabu ndefu zaidi. Muulizeni sheikh wenu kwanza: wapo wanaokubali mbuzi aliyetimiza mwaka, na Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, hutaka atimize miaka miwili. Kwa mbuzi wa mwaka mmoja, jike apandwe miezi 17 kabla ya Idd. Kwa wa miaka miwili, miezi 29. Tena Idd hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida, kwa hiyo msitumie tarehe ya mwaka huu kupangia mbuzi wa mwaka ule mwingine. Chukueni kalenda ya Kiislamu, tafuteni Idd mnayoilenga hasa, muhesabu kutoka hapo.

Na ile sindano? Ipo, na inafanya kazi: mbuzi asiye na mimba huchomwa mara mbili kwa kuachana siku 11. Faida yake ni pale mnapotaka uhamilishaji, yaani kupandisha kwa mrija bila dume, labda mbegu ya Boer kwa nyama au Saanen kwa maziwa, na fundi anasafiri kutoka mbali kuwahudumia wote siku moja. Kwa kikundi chenu mimi napendelea wiki 6 za beberu. Mbuzi 24 wakizaa ndani ya siku 3, nani atakesha nao? Kila mtoto anatakiwa kupakwa iodini kitovuni na kunyonya maziwa ya kwanza ndani ya saa chache. Wiki 6 zinawapa mikono ya kutosha, na bado mnunuzi atawaona wanalingana.

Daktari, nilileta mtu akachoma ng'ombe wangu 30 sindano ya kuleta joto, wote siku moja. Ng'ombe 14 wakaonyesha joto, 14 hawakufanya chochote, 2 wakatoa mimba. Nimepoteza pesa. Dawa ilikuwa feki? — Mfugaji, Nakasongola

Mzee wangu, pole sana kwa hao wawili. Sidhani dawa ilikuwa mbovu. Ukiziangalia namba zako vizuri, ilifanya kazi kama inavyotakiwa. Aliyekosa kufanya kazi yake ni yule aliyechoma bila kupima mimba.

Sindano hiyo ni prostaglandini. Ng'ombe anapotoa yai, mahali lilipotoka hubaki kiuvimbe cha manjano kinachotoa projesteroni. Prostaglandini hukiua hicho kiuvimbe, na siku 2 hadi 5 baadaye ng'ombe anaingia kwenye joto. Kiuvimbe kikiwa kichanga sana dawa haikigusi. Kikiwa kimekwisha, hakuna cha kuua. Katika mzunguko wa siku 21, dawa hupata nafasi takriban kuanzia siku ya 6 hadi ya 17. Kwa hiyo ukichoma kundi lolote kwa siku yoyote, utapata nusu hivi au zaidi kidogo, na ndivyo ulivyopata. Ndiyo maana huchomwa mara mbili, kwa kuachana siku 11 hadi 14: waliokosa mara ya kwanza wanakuwa wamefika ndani ya nafasi mara ya pili. Na kiuvimbe hichohicho ndicho kinachoshikilia mimba, hasa ile changa. Ukikiua, mimba inatoka. Mtu asikubali tena kuchomewa ng'ombe ambaye mkono wa daktari haujapima kizazi chake.

Kati ya wale 14 walionyamaza huenda wapo wasiozunguka kabisa, hasa wanaonyonyesha wakati wa ukame. Hao wanahitaji majani kwanza, kisha kile kiplastiki cha T, ambacho kwa ng'ombe hukaa kama siku 7.

Ukijaribu tena, hesabu kutoka kwenye mvua. Mimba ya ng'ombe ni siku kama 283. Akipandwa tarehe 25 Juni atazaa karibu na tarehe 4 Aprili, nyasi za Nakasongola zikiwa zimeshachipua, na Juni yenyewe inamkuta amenenepa kwa mvua za Machi hadi Mei. Kama utatumia mrija, aliyeonekana kwenye joto asubuhi apandishwe jioni, wa jioni apandishwe kesho asubuhi. Ng'ombe wenye damu ya zebu, wale wa nundu, joto lao ni fupi na mara nyingi huja usiku, kwa hiyo mchungaji aamke na tochi. Mbegu itoke mahali panapoaminika, kama kituo cha taifa cha mbegu za mifugo cha Entebbe, na fundi akuonyeshe kwamba mtungi wake una naitrojeni ya kutosha. Mbegu huishi kwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi uliokaukia njiani kwenye boda umebeba mbegu zilizokufa.

Nikuongezee tahadhari moja inayohusu ukanda wetu wa ng'ombe. Karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo hufunga masoko bila kuuliza umejipanga vipi. Ukiwa na madume 30 wa umri mmoja waliokusudiwa kuuzwa mwezi mmoja, karantini ikaja, unabaki nao wote wakila. Panga kundi lako mara mbili kwa mwaka badala ya mara moja, nusu wazae Aprili na nusu Oktoba.

Daktari, mimi ni dada wa miaka 22, namsaidia daktari wa mifugo hapa Mbale. Huwa navuta dawa kwenye sindano na kumpa. Nina mimba ya miezi 4 na sijamwambia. Nimesikia sindano ya kuleta joto ina hatari. Ni kweli? — Msaidizi, Mbale

Mdogo wangu, ni kweli, na acha kuishika kuanzia leo. Prostaglandini hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Kwa mwanamke mwenye mimba inaweza kukaza mfuko wa uzazi, na kwa mwenye pumu inaweza kubana kifua. Wewe usiivute kwenye sindano, usiokote chupa zake, wala usioshe vifaa vyake. Hata kile kiplastiki cha T, kwa kuwa kina homoni, kishikwe na mtu mwingine mwenye glavu. Kama imewahi kukudondokea siku yoyote, osha kwa sabuni na maji mengi, na ukahesabu tarehe ili uwaambie kliniki ya wajawazito. Ukisikia maumivu ya tumbo au ukiona damu, nenda hospitali saa hiyohiyo, usisubiri kesho, na utaje jina la dawa.

Mwambie daktari wako. Kama unaona aibu, mwonyeshe ukurasa huu. Kazi ya kuandika daftari la joto na tarehe inahitaji mtu makini kama wewe, nayo haina homoni. Na wanaume mnaosoma: vaeni glavu nanyi, mkanawe kabla ya kurudi nyumbani kwa wake zenu.